Kazi Isiyoguswa na Mkono: Sabato na Mashine ya Leza katika Karakana ya Ndhiwa

Swali la nani hasa anayefanya kazi pale mashine inapofanya kazi ni la zamani, lakini limepata ukali mpya tangu mashine za kukatia kwa leza zilipoanza kuingia katika karakana ndogo, kwa kuwa mashine hizi zimeutenga mkono wa fundi na kitu anachokitengeneza kwa kiasi ambacho msumeno wa umeme haukuwahi kufikia. Msumeno wa umeme bado huongozwa, na anayeushika huhisi mahali ubao unapokubali na mahali unapokataa. Mashine ya leza haiongozwi, bali huagizwa: mchoro huandaliwa kwenye kompyuta, nguvu ya mwanga na kasi ya mwendo hupangwa, kitufe hubonyezwa, na kuanzia hapo ubao hukatwa bila kuguswa na chochote isipokuwa nuru. Katika eneo la Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay nchini Kenya, ambako Waadventista Wasabato wana mizizi ya zaidi ya karne moja katika maeneo ya karibu, swali hilo haliwezi kubaki la darasani. Ikiwa fundi ameanzisha kazi ya saa mbili ilipotimu saa kumi na moja jioni ya Ijumaa, na jua likazama kabla mashine haijamaliza, ni nani anayefanya kazi baada ya machweo, na je, amri ya Sabato imevunjwa au haikuvunjwa?

Kabla ya kujibu ni lazima kwanza ieleweke ni kitu gani kinachotenda humo ndani. Neno leza limetoholewa kutoka herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya ukuzaji wa mwanga kwa kuchochea utoaji wa mnururisho. Albert Einstein alieleza msingi wake wa kinadharia mwaka 1917, kwamba chembe ya mwanga ikipita karibu na atomu iliyokwisha kujazwa nishati yaweza kuichochea itoe chembe nyingine iliyo sawa nayo kwa kila hali. Theodore Maiman akauwasha mwanga wa kwanza wa aina hiyo kwa kito cha rubi tarehe 16 Mei 1960. Na mwaka 1964 Kumar Patel, mwanasayansi mzaliwa wa India aliyefanya kazi katika maabara ya Bell huko Marekani, akaonyesha kwamba gesi ya kaboni dioksidi yaweza kutoa leza yenye nguvu ya kutosha kwa kazi nzito. Mashine nyingi za karakana ndogo ni wajukuu wa ugunduzi huo wa Patel. Ndani yake mna bomba la kioo lililojazwa kaboni dioksidi iliyochanganywa na naitrojeni na heli. Umeme wa zaidi ya volti 10,000 hupitishwa humo. Mwanga unaotoka huelekezwa kwa vioo vitatu hadi kwenye lenzi, nayo lenzi huukusanya uwe nukta yenye upana wa sehemu ndogo ya milimita, mahali ambapo mbao huwa mvuke na jivu kabla haijapata nafasi ya kuwaka. Urefu wa wimbi la mwanga huo ni mikrometa 10.6, ilhali jicho la mwanadamu huishia takriban mikrometa 0.7. Yaani nuru inayokata haionekani kabisa. Kinachoonekana ni jeraha lake tu juu ya ubao.

Ichukuliwe, kwa ajili ya hoja, karakana ya seremala mmoja katika mji wa soko kama Ndhiwa, yenye kuta anazochangia na majirani wa pande mbili, paa la mabati, na wateja wa aina inayojulikana sana: shule inayotaka tuzo za siku ya michezo, kanisa linalotaka herufi za jina lake zipandishwe juu ya mlango, familia iliyofiwa inayotaka jina la marehemu lichongwe kwenye msalaba. Kwa patasi, jina la herufi ishirini huweza kumla fundi nusu ya siku, na kosa moja katika herufi ya kumi na tisa huuharibu ubao wote. Kwa leza, jina hilohilo huchukua dakika chache, na kosa, kama lipo, lilikuwa kwenye tahajia aliyoileta mteja. Si ajabu kwamba fundi wa namna hiyo aitamani mashine. Wala tamaa hiyo si ya aibu, na wanaodhani kwamba heshima ya useremala imo katika maumivu ya kifundo cha mkono hawajawahi kuuliza maoni ya kifundo chenyewe.

Hata hivyo, lugha za eneo hili zina neno zito juu ya mkono, na neno hilo lapaswa kusikilizwa. Katika Kijaluo, kitenzi chweyo humaanisha kufinyanga, kama mwanamke anavyoufinyanga mtungi kwa vidole vyake bila gurudumu, na kitenzi hichohicho ndicho kinachotumika kusema kwamba Mungu aliumba. Nyasaye, yaani Mungu, huitwa Jachwech, Mfinyanzi, pasipo msikilizaji yeyote kuona kwamba limetumiwa fumbo. Kiswahili nacho hakiko mbali, kwani kuumba ni ndugu wa damu wa umbo, na aliyeumba ni aliyekipa kitu sura. Okot p'Bitek, mshairi na mwanazuoni wa Uganda, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu dini ya Waluo wa Kati jinsi mapadri wa Kiitaliano walivyowauliza wazee wa Kiacholi mwaka 1911 ni nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na neno la kuumba lililo mbali na kufinyanga, hivyo swali liliwafikia likiwa limegeuka: nani aliyewafinyanga? Wazee walijua kwamba mtu huzaliwa na mama yake, na baada ya kubanwa wakalitaja jina la Rubanga, nguvu iliyosadikiwa kuwapinda watu uti wa mgongo. Okot alilitoa simulizi hilo ili kuonya dhidi ya kuzitwisha dini za Kiafrika maswali ya wageni, na onyo lake ni la haki. Kwa hoja ya hapa, linafunza jambo la ziada: mahali ambapo kutengeneza maana yake ni kufinyanga, asiyegusa si mtengenezaji. Kwa kipimo hicho fundi wa leza amejivua ufundi siku aliyonunua mashine, na kazi inayoendelea baada ya machweo si yake bali ni ya bomba la gesi.

Kipimo hicho, ingawa kina uzuri wake, hakitoshi, na Maandiko yenyewe ndiyo yanayoonyesha upungufu wake. Kitabu cha Mwanzo kina masimulizi mawili ya uumbaji yaliyowekwa bega kwa bega. Katika sura ya pili Mungu anafinyanga mtu kwa mavumbi ya ardhi, na hapo mkono upo, udongo upo, pumzi inapulizwa puani. Katika sura ya kwanza hakuna mkono. Mungu anasema, na jambo linakuwa. Na Waislamu, ambao katika mji wa Kendu Bay, kaunti hiyohiyo, wamekuwapo kwa vizazi kadhaa, wanalijua wazo hilohilo katika Kurani, ambamo Mwenyezi Mungu akitaka jambo huliambia liwe na likawa. Kwa hiyo kuna kuumba kwa kugusa na kuna kuumba kwa kuagiza, na mapokeo hayakuona kwamba namna ya pili ni pungufu kuliko ya kwanza. Fundi anayebonyeza kitufe anafanya, katika udogo wake wa kibinadamu, kitu kinachofanana zaidi na sura ya kwanza.

Lakini yeyote anayeisoma sura hiyo polepole atagundua kwamba kuagiza hakusimami peke yake. Karibu kila baada ya agizo Mungu anatazama, na anaona kwamba ni vyema. Kutazama huku hakukuongezwa kama pambo. Ni sehemu ya tendo lenyewe, na kwa kawaida siku haifungwi kabla ya jicho kupita juu ya kilichoagizwa. Pumziko la siku ya saba nalo haliji baada ya agizo la mwisho bali baada ya mtazamo wa mwisho, pale alipokitazama kila alichokifanya. Hoja inayotetewa katika insha hii imejengwa juu ya jambo hilo: kwamba anayefanya kazi kwa kuagiza ameusamehe mkono wake lakini hakulisamehe jicho lake, na kwamba kazi ya mashine ni ya yule anayewajibika kuitazama hadi itimie. Aliyeagiza akaondoka hajaacha kuwa mwenye kazi; amekuwa mwenye kazi asiyekuwepo.

Hapo ndipo amri ya Sabato inaposaidia kupima. Kitabu cha Kutoka, sura ya ishirini, kinawataja wazi wanaopaswa kupumzika: mwenye nyumba, mwanawe na bintiye, mtumwa na mjakazi, mifugo, na mgeni aliye ndani ya malango; Kumbukumbu la Torati inamtaja hata ng'ombe na punda kwa majina. Mashine haimo katika orodha, nayo isingeweza kuwamo. Mwanafalsafa wa Ugiriki Aristotle, zaidi ya karne tatu kabla ya Kristo, aliweza tu kuiwaza kama jambo lisilokuwapo: katika kitabu cha kwanza cha Siasa alisema kwamba kama kigoe cha mfumaji kingefuma chenyewe na kinubi kikajipiga chenyewe, mabwana wasingehitaji watumwa. Alilileta wazo hilo kuueleza utumwa, kwa kuwa aliona haliwezekani. Sasa limewezekana, na hivyo swali limegeuka: je, kile kilichochukua nafasi ya mtumwa kimechukua pia haki yake ya kupumzika?

Marabi wa Kiyahudi walilishughulikia swali hili muda mrefu kabla ya umeme, na hoja zao zinastahili kutumiwa hata na Wakristo wasioifuata sheria yao. Katika Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo uliokamilishwa yapata mwaka 200 baada ya Kristo, kazi zilizokatazwa siku ya Sabato zimehesabiwa kuwa makundi thelathini na tisa, yakiwamo kuandika, kufuta, kuchora mstari wa kipimo, kukata kitu kwa kipimo, na kuwasha moto. Fundi wa leza atatambua kwa mshtuko kwamba mashine yake hufanya karibu yote hayo kwa pigo moja. Mishna hiyohiyo inasimulia mgogoro kati ya shule mbili, ya Shamai na ya Hileli, kuhusu kazi inayoanzishwa Ijumaa mchana na kujiendeleza yenyewe usiku: wino ulioloweshwa, sufu iliyotiwa katika chungu cha rangi, mitego iliyotegwa kwa wanyama na samaki. Shule ya Shamai ilikataza isipokuwa kazi iwe imetimia mchana ungalipo. Shule ya Hileli iliruhusu, mradi mkono wa mtu uwe umeachilia kabla ya machweo. Talmudi, inayofafanua Mishna, inauona msimamo wa kwanza kuwa umejengwa juu ya wajibu wa kuvipumzisha hata vyombo. Kisha inajadili kinu kinachosukumwa na maji, ambacho mtu amekitia ngano Ijumaa, na mwalimu mmoja, Raba, anatoa sababu isiyotarajiwa ya kukikataza: kinapiga kelele. Kinu kinachosikika usiku wa Sabato kinatangaza kwa kijiji kizima kwamba ndani ya nyumba ile siku haijaheshimiwa.

Sababu ya Raba yaonekana ndogo, lakini inaigusa Ndhiwa moja kwa moja. Leza yenyewe haina sauti, ila feni ya kutolea moshi na pampu ya hewa husikika hadi barabarani, na katika mji wa soko kila mtu anaijua sauti ya karakana ya kila mtu. Machweo yenyewe hayana utata: Ndhiwa haiko hata digrii moja kusini mwa ikweta, hivyo jua huzama karibu saa ileile mwaka mzima, yapata saa kumi na mbili na nusu au zaidi kidogo. Wamisionari wa kwanza wa Kiadventista, Arthur Carscallen wa Kanada na mwenzake Peter Nyambo wa nchi ambayo sasa ni Malawi, walifika kilima cha Gendia karibu na Kendu Bay mwaka 1906, na haikuchukua miaka mingi kabla ya misheni hiyo kupata mtambo wa kuchapia. Kwa hiyo kaunti hii imekuwa, kwa zaidi ya miaka mia moja, makao ya waumini wanaojua kuwa na mashine inayoandika na kuwa na siku ambayo hakuna kinachoandikwa.

Yupo atakayesema kwamba suala zima limepitwa na wakati, kwa kuwa viwanda vya sukari vilivyoko Ndhiwa kwenyewe na Awendo, kaunti jirani ya Migori, husaga mchana na usiku msimu unapopamba moto, maana muwa uliokatwa huanza kupoteza sukari yake upesi na tanuri la mvuke halizimwi na kuwashwa kama taa ya chumbani. Jibu ni kwamba kiwanda kina zamu, na penye zamu kila saa ina mtu wake anayewajibika; suala lake ni la waajiri na waajiriwa, nalo lina ugumu wake wa pekee. Karakana ndogo haina zamu. Ina fundi mmoja na labda kijana mmoja anayejifunza, na fundi akiondoka, jicho limeondoka.

Na jicho haliruhusiwi kuondoka. Hapa sheria ya kidini na sheria ya mashine zinakutana pasipo kualikana. Kila mwongozo wa kuaminika wa mashine hizi husisitiza kwamba haipaswi kuachwa bila mwangalizi inapokata, na sababu yake ni moto. Akriliki, ile plastiki ngumu inayong'aa itumikayo kwa mabango, hutoa mvuke unaoshika moto. Plaiwudi yenye fundo au gundi nyingi huweza kufuka mahali ambapo mwanga umechelewa kidogo kwenye kona. Vipande vilivyodondoka wiki iliyopita chini ya kitanda cha sega, ule wavu wa chuma unaobeba ubao, huwa kuni zilizokwisha kukauka. Mkondo wa hewa unaopulizwa kwenye nukta ya mkato hupunguza hatari hiyo, lakini hauiondoi. Kutoka cheche hadi mwali ni suala la sekunde, na katika safu ya vibanda vya mbao na mabati vinavyochangia kuta, moto wa mmoja ni moto wa wote. Kwa hiyo fundi aliyeiacha mashine ikate usiku wa Sabato ana njia mbili tu. Ama amekaa kuiangalia, na basi anafanya kazi waziwazi, hata kama mikono imekunjwa. Ama ameiacha peke yake, na basi ameweka mali na maisha ya jirani rehani. Ruhusa ya shule ya Hileli, ambayo kwa wino ulioloweshwa ilikuwa ya busara, haimfikii, kwa sababu wino ukiachwa hauteketezi soko. Anayeitazama mashine kwa kamera ya simu akiwa kanisani hajatoka katika mtego huo. Amepeleka karakana kanisani tu.

Dhidi ya hoja hii kuna pingamizi moja lenye uzito wa kweli. Simone Weil, mwanafalsafa wa Ufaransa aliyeishi kati ya 1909 na 1943, aliuona uangalifu safi, ule wa mtu aliyejifungua mzima mbele ya kitu, kuwa asili moja na sala. Lakini Weil huyohuyo aliacha ualimu akaenda kufanya kazi katika viwanda vya Paris mwaka 1934 na 1935, na alichokikuta huko ni uangalifu uliogeuzwa utumwa: mtu aliyelazimika kuitumikia kasi ya mashine, asiyeruhusiwa kuwaza jambo jingine wala kulifikiria lile alilonalo. Kama kuitazama mashine ndiko kazi yenyewe, je, fundi wa leza si mtumishi wa bomba la kioo? Pingamizi hili halijibiwi kwa maneno matamu. Kinachomtofautisha fundi na yule mfanyakazi wa kiwandani ni mambo matatu ambayo hayaji yenyewe: kwamba mchoro ni wake au ameuelewa, kwamba anajua kinachotokea ndani ya mashine kiasi cha kulitambua kosa kabla halijawa hasara, na kwamba anaweza kuisimamisha bila kumwomba mtu ruhusa. Akikosa hayo, Weil ana haki. Hivyo uchaguzi wa mashine ni suala la maadili kabla ya kuwa suala la bei, maana mashine inayomzidi fundi uelewa itamfanya mtumwa wake hata kama hati ya ununuzi ina jina lake.

Kwa kipimo hicho, ubora hautafutwi kwenye wati kwanza. Bomba la wati 40 hukata plaiwudi ya milimita tatu bila taabu na kuandika juu ya karibu kila aina ya mbao, na kazi nyingi za karakana iliyoelezwa hapo juu hazivuki hapo. Wati 60 au 80 humpa fundi unene zaidi na haraka zaidi, lakini humletea pia joto zaidi la kupoza na bomba refu na ghali zaidi la kubadilisha, kwani kila bomba la kioo lina umri unaohesabiwa kwa saa, na siku moja huisha. Kati ya nishati inayoingizwa katika bomba, sehemu kama moja ya kumi tu ndiyo hutoka kuwa mwanga. Iliyobaki ni joto, na joto hilo huchukuliwa na maji yanayozunguka. Vipoza maji vya bei ya chini vina feni na rejeta tu, hivyo haviwezi kuyashusha maji chini ya joto la chumba. Chini ya paa la mabati alasiri ya Januari, chumba chenyewe kimekwisha kupita kiwango ambacho bomba hukipenda, kilicho karibu na digrii 20. Fundi wa Ndhiwa anayenunua kipoza chenye jokofu halisi hajafanya anasa. Amenunua uwezo wa kufanya kazi mchana.

Zipo pia mashine za diodi zinazotoa mwanga wa buluu, nyepesi na rahisi kuliko zile za bomba, na nyingi huuzwa zikiwa wazi, bila sanduku. Haziwezi kukata akriliki isiyo na rangi, kwa sababu mwanga wa buluu hupita ndani yake kama upitavyo dirishani. Hatari yake kubwa, hata hivyo, iko kwenye jicho. Mwanga wa bomba la kaboni dioksidi humezwa na maji ya uso wa jicho na kuuchoma uso huo. Mwanga wa buluu huingia hadi ndani, lenzi ya jicho ikaukusanya juu ya retina, nayo retina ikiungua hairudi. Mtoto aliyesimama mlangoni kushangaa hana miwani. Kwa karakana ambayo mlango wake ni wa umma, mashine iliyofungwa ndani ya sanduku, yenye swichi inayoukata mwanga kifuniko kinapoinuliwa, ndiyo pekee inayostahili kuitwa mashine. Iliyo wazi ni hatari iliyopewa bei nafuu.

Jambo la moshi linadai neno lake. Fundi hodari huulizwa mara kwa mara akate kitu asichokijua, kipande cha plastiki alicholeta mteja, na adabu ya biashara humshawishi akubali. Kipande hicho kikiwa PVC, plastiki ya mabomba na ya baadhi ya ngozi bandia, leza huachilia kloridi ya hidrojeni, gesi ambayo ikikutana na unyevu huwa asidi, na unyevu wa karibu zaidi ni ule wa mapafu. Kinachobaki hula reli na vioo vya mashine kwa kutu. Hakuna kichujio cha bei ya karakana ndogo kinachoifanya kazi hiyo kuwa salama, hivyo jibu la pekee ni kukataa. Na hata moshi wa halali, ule wa mbao na wa MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi ya fomaldehaidi, lazima uelekezwe mahali. Bomba linalotoa moshi nyuma ya karakana limeuelekeza kwenye dirisha la mtu. Sheria ya Kiislamu ina kanuni iliyotokana na hadithi ya Mtume kwamba pasiwepo kudhuru wala kulipiza dhara, na wanazuoni wameitumia kwa karne nyingi katika kesi za namna hii hasa: tanuri, moshi na ukuta wa jirani. Mkristo aliyeamriwa kumpenda jirani yake hana sababu ya kujiona amepewa mzigo mwepesi zaidi.

Kuchagua na kukataa huku kuna hadhi ya ufundi kamili, na ushahidi wake umesimama si mbali. Katika kaunti ya Migori ziko kuta za Thimlich Ohinga, zilizotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018, ambazo asili yake inahesabiwa kuwa ya karne ya kumi na sita. Zina kimo cha kati ya mita moja na nusu na mita nne na nusu, na hazina chokaa wala udongo wa kushikizia. Mawe yake hayakuchongwa. Jiwe limekaa juu ya jiwe kwa sababu mtu alilitazama, akaligeuza, akaliona mahali pake, au akaliweka kando akatafuta jingine. Sheria ya Musa nayo, mara tu baada ya Amri Kumi, iliagiza kwamba madhabahu ya mawe ijengwe kwa mawe yasiyochongwa, kwa kuwa chombo cha kuchongea kikiinuliwa juu yake kinaitia unajisi. Na bado katika kitabu hichohicho Bezaleli anajazwa roho ya Mungu ili akate vito na kuchonga mbao. Maandiko hayakuchagua kati ya kukata na kutokata. Wajenzi wa Thimlich, ambao hawakukata chochote, hawakuwa mafundi pungufu kuliko Bezaleli.

Imebaki kesi ngumu, ambayo Ndhiwa haitaikosa. Familia inazika Jumapili, na kibao cha jina kimeletwa Ijumaa alasiri. Mashine imefika kwenye jina la ukoo, umeme ukakatika, na ulipowaka tena jua lilikuwa limegusa upeo. Yesu, katika Injili ya Luka, aliwauliza wakosoaji wake ni nani kati yao ambaye ng'ombe wake akitumbukia kisimani siku ya Sabato hatamtoa mara moja, na huruma hiyo yaweza kuonekana kumfunika fundi huyu pia. Lakini ng'ombe aliye kisimani atakufa maji, kibao hakifi. Katika desturi ya Waluo marehemu huzikwa nyumbani kwake, ndani ya dala, yaani boma, ambapo kaburi litakuwa mbele ya macho ya watu wake Jumatatu, na mwakani, na miaka yote watakayoishi hapo. Basi fundi atakitoa kibao, atakagua kama hakuna kinachofuka chini ya kitanda, ataiacha feni izunguke dakika chache zaidi hadi sanduku liwe halina moshi, na kisha ataizima mashine ukoo ukiwa umeandikwa nusu. Jumamosi jua likishazama, kipande kilichobaki kitachukua dakika nne.